Nyuma ya "Sijambo": Maisha ya Wana Wetu Wasomao Ng'ambo



Safu yetu juma hili inazielekea nyumba zenye mwana aliye ng'ambo kwa masomo, pamoja na zile ambazo zingali zinapanga kumpeleka. Nyumba hizo si chache. Atembeaye kutoka Mwembe Tayari kuelekea King'orani, au akashukia Kibokoni na Kuze, hapiti milango mingi kabla ya kufika penye mwana aliye Madina, Cairo, Mbale, Istanbul, Kuala Lumpur, Pune au Manchester.

Kuaga si jambo geni kwetu. Wazee husimulia kwamba jina la Mwembe Tayari limetokana na mwembe ambao chini yake misafara ilikutana na kujiweka tayari kabla ya kuingia bara. Hadi leo mabasi ya Nairobi na ya miji ya pwani hupakia abiria papa hapa, na kijana aendaye kuomba viza katika balozi zilizoko Nairobi huanzia safari yake hapa na bahasha ya vyeti kifuani. Kuaga twakujua: dua husomwa, ubani hufukizwa, mahamri hufungwa, machozi hufutwa kwa ncha ya mtandio. Lakini kuaga ni kazi ya siku moja. Kazi ya miaka minne au mitano ni ile ifuatayo, nayo karibu yote hufanyika kwa simu.

Hapo ndipo penye jambo tunalotaka kulizungumza. Lugha yetu imejaaliwa maamkizi mengi, na kila amkizi lina jibu lake lililokwisha tayarishwa. Ukiulizwa "Hujambo?" ni "Sijambo." Ukiulizwa "Habari?" ni "Njema." Ukiulizwa "U hali gani?" ni "Alhamdulillahi." Hata mwenye msiba hujibu "njema" kwanza, kisha ndipo huongeza "ila", na baada ya hilo "ila" ndipo yanapotoka yaliyo moyoni. Hiyo ni adabu nzuri, wala hatutaki iondoke. Ila mwana aliye mbali aweza kujificha ndani yake kwa miaka. Simu hukatika baada ya "njema", na lile "ila" halifiki kamwe.

Familia isiyoijua siku ya mwanafunzi ilivyo haiwezi kumuuliza swali lenye jibu. Na mwana asiyeulizwa swali lenye jibu atasema "sijambo" hata akiwa na njaa. Kwa hiyo leo tutaieleza siku hiyo, kisha tutayataja mambo mawili ambayo familia zetu huyafanya kwa mapenzi na ambayo huwaumiza wana wetu pasi na kujua.

Safari si ya leo

Kusafiri kwa ajili ya elimu ni desturi kongwe ya pwani hii. Masheikh wa Lamu, Mombasa na Unguja walipanda majahazi kwenda Hadhramaut, Makka na Misri, wakiondoka na upepo wa kusi na kurudi na kaskazi. Aliyekosa msimu alingoja mwaka. Katika muda huo wote mama hakuwa na habari ila ile aliyoileta nahodha au hujaji.

Katika zama zilizo karibu nasi tunamkumbuka Profesa Ali Al'amin Mazrui, aliyezaliwa hapa Mombasa mwaka 1933. Baba yake, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alifariki mwaka 1947, kijana huyo angali mdogo. Mwaka 1955 alikwenda Uingereza kusoma. Alipata shahada ya kwanza Manchester mwaka 1960, ya pili katika Chuo Kikuu cha Columbia huko New York mwaka 1961, na ya uzamivu Oxford mwaka 1966. Alipofariki Marekani mwaka 2014, mwili wake ulirejeshwa Mombasa, akazikwa katika makaburi ya Mazrui karibu na Ngome ya Yesu. Njia aliyoipita sasa hupitwa na wengi, wa kiume na wa kike, na wengi wao hawana jina kubwa la kuwatangulia.

Zamani ukimya ulikuwa ni wa bahari. Siku hizi simu hulia kila jioni, na picha ya mwana huonekana kiooni akitabasamu. Kwa hiyo twadhani twajua. Jahazi lilimfundisha mama kungoja na kuomba. Kioo cha simu chaweza kumfanya aamini kwamba ameona yote.

Siku yake ilivyo

Tuanze na sala, kwa kuwa ndiyo inayoipanga siku ya Mwislamu. Sisi tulio karibu na ikweta tumezoea jua lenye ahadi. Hapa Mombasa wakati wa Magharibi hausogei zaidi ya nusu saa hivi mwaka mzima. Mwanafunzi aliye Uingereza hana neema hiyo. Mwezi wa Desemba jua huchomoza baada ya saa mbili asubuhi na kutua kabla ya saa kumi alasiri. Adhuhuri, Alasiri na Magharibi zote huingia katika muda wa saa nne hivi, na saa hizo ndizo za madarasa. Hana budi kujua ni ngazi gani ina kipembe tulivu, ni mwalimu gani atamruhusu kutoka kwa dakika saba, na ni wapi atatia udhu bila ya kumwaga maji sakafuni mbele ya watu wasiojua anafanya nini. Ukija mwezi wa Juni mambo hugeuka: jua hutua baada ya saa tatu usiku, Isha huchelewa mno, na Alfajiri huingia kabla usingizi haujakolea. Mwana anayesema kwamba amechoka mwezi wa Juni huenda hakusema uvivu.

Baridi nayo si habari ya nguo tu. Kutia udhu kwa maji ya baridi alfajiri, kuvaa soksi mbili, kuona giza kabla ya chai ya jioni kwa miezi mitatu: hayo huingia moyoni. Ni vyema kijana ajifunze kwa sheikh wake, kabla hajaondoka, hukumu za kupangusa juu ya khufu, kukusanya na kupunguza sala safarini, na lini mtu huacha kuhesabiwa msafiri. Masuala hayo hapa nyumbani husomwa chuoni na kupitwa haraka, kwa sababu hatuyahitaji. Kule huhitajika juma la kwanza.

Kisha chakula. Kijana wetu amekulia katika nyumba ambayo wali wa nazi hutokea mezani, na hajapata kujiuliza nazi ilikunwa na nani. Akifika ng'ambo hukuta jiko la watu wanane, sufuria iliyopikiwa nguruwe jana, na king'ora cha moshi kinacholia mara tu vitunguu vinapoanza kuwa vyekundu. Tui huwa la kopo. Unga wa sima hauko, au uko katika duka moja upande wa pili wa mji. Kila pakiti husomwa nyuma kabla ya kununuliwa, isije ikawa na jelatini isiyojulikana ilikotoka. Nyama halali mara nyingi hupatikana, ila ni mbali na ni ghali, basi siku nyingi huwa mayai, mkate na maharagwe ya kopo.

Hapa twataka kusema na kina mama wenye wana wa kiume. Msichana wetu huondoka akijua angalau kupika wali na mchuzi. Mvulana huondoka na cheti cha hisabati, asijue chumvi hutiwa lini. Miezi miwili ya kumsimamisha jikoni kabla ya safari ina faida kuliko sanduku la achari. Afundishwe vyakula vitano tu: wali, sima, chapati, mchuzi wa samaki na mbaazi. Afundishwe pia kufua, kushona kifungo, na kuosha choo ambacho wengine wamekichafua. Na mama asione haya kumtilia kopo la maji sandukuni. Vyoo vingi vya nchi za baridi havina maji ya kujitohara, na dukani hatalipata kwa urahisi.

Halafu lugha. Mwenye udhamini wa serikali ya Uturuki hulipiwa ada, malazi, bima ya matibabu na posho ya kila mwezi, lakini mwaka wake wa kwanza kwa kawaida ni wa kujifunza Kituruki. Aliyekuwa wa kwanza darasani hapa kwetu hukaa mwaka mzima akisema kama mtoto wa miaka mitatu. Aendaye Cairo au Madina na Kiarabu cha madrasa huona kwamba kitabu anakielewa na muuza mkate hamwelewi. Uchovu wa kutoeleweka hauonekani katika picha. Ndiyo maana mwana hupiga simu na asiwe na la kusema: hutaka kusikia tu Kiswahili kikisemwa, hata kama ni mama akigombana na muuza samaki mlangoni. Simu ya namna hiyo isikatwe kwa kuwa "hana jipya".

Fedha na fahari

Wahenga walisema, msafiri maskini ajapokuwa sultani. Neno hilo familia zetu hulisahau upesi. Mtu akisikia kwamba fulani yuko Ulaya, hudhani fedha zimeokotwa.

Tuangalie mfano mmoja wa hesabu. Mzazi aliyejipangia mwezi wa Januari 2022 kumpelekea mwanawe dola 200 kila mwezi alihitaji kiasi cha shilingi 22,600, kwani dola ilikuwa kama shilingi 113. Miaka miwili baadaye, Januari 2024, dola ilikaribia shilingi 160, na dola zile zile 200 zikawa shilingi 32,000. Baadaye mwaka huo ilirudi hadi kiasi cha 129, yaani karibu shilingi 25,800. Mwanafunzi hakuongeza tumbo, wala mzazi hakupunguza mapenzi. Sarafu ndiyo iliyobadilika. Nyumba nyingi zilipunguza walichopeleka bila ya kumweleza mwana sababu, naye akapunguza mlo wa usiku bila ya kuwaeleza wao.

Wengine husema, "Na afanye kazi." Sheria zina mipaka. Uingereza, kwa mfano, mwanafunzi wa shahada aliyetoka nje huruhusiwa kufanya kazi saa zisizozidi 20 kwa juma wakati wa muhula. Akizidisha, viza yake ina hatari. Saa hizo 20 za kuosha vyombo au kupanga bidhaa usiku hutolewa katika usingizi na vitabu. Na kabla ya hapo, ili apewe viza, hutakiwa kuonyesha fedha za kujikimu zilizokaa benki siku 28 mfululizo. Ziko familia zinazokopa kwa jamaa ili zionekane benki, kisha zikazirudisha mara viza inapotoka. Kijana huwasili na karatasi inayosema ana fedha, na mfuko usiokuwa nazo. Hatuhukumu nyumba ya mtu, ila twasema wazi kwamba mzigo huo huangukia mabega ya aliyesafiri, na huangukia mwezi wa pili, wakati kodi ya chumba inapodaiwa.

Kuna na mzigo wa fahari. Harusi ikija, binamu huomba simu. Shangazi huomba manukato. Mwana hana, na kusema "sina" mbele ya ukoo ni aibu, basi hukopa. Mzazi mwenye busara humkinga mwanawe kwa kusema mwenyewe, katika kikao cha jamaa: "Huyu yuko masomoni, msimwagize kitu mpaka ahitimu." Sentensi hiyo moja humwokoa na deni.

Mabinti zetu

Ulikuwapo wakati ambapo binti kusafiri kwa masomo lilikuwa jambo la kunong'onwa. Siku hizi wazazi wengi hutafuta njia iliyo salama. Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Uganda kilichofunguliwa Mbale mwaka 1988 kina tawi la wasichana pekee huko Kabojja, Kampala, na nyumba nyingi za pwani hukitazama kwa kuwa hufikiwa kwa basi na jamaa aweza kwenda na kurudi. Wengine huenda Malaysia, ambako Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kiislamu kilianzishwa mwaka 1983, na mtandio haumshangazi mtu.

Binti aliye katika nchi isiyo ya Waislamu ana mtihani wa ziada. Ndugu yake wa kiume aweza kupita njiani asijulikane dini yake. Yeye hujulikana kutoka mbali. Huulizwa maswali na wema wenye udadisi, na mara nyingine hutupiwa maneno na wasio wema. Kila siku ni balozi asiyelipwa. Akichoka na kazi hiyo, asikaripiwe kwamba imani imepungua. Aulizwe nani yuko pamoja naye, na kama amewapata akina dada wa msikitini au wa chama cha wanafunzi Waislamu.

Wake za wanafunzi nao wana lao. Tangu Januari 2024 Uingereza imewazuia wanafunzi wengi wa kigeni kuja na mke, mume au watoto, isipokuwa wale wa shahada za utafiti na wachache wengine. Mwaka mmoja wa shahada ya pili umekuwa mwaka wa nyumba mbili. Mume au mke aliyebaki Mombasa na watoto naye yuko katika masomo hayo, ingawa jina lake halitasomwa siku ya mahafali. Jirani amjulie hali kama anavyomjulia mwenye eda au mwenye mgonjwa.

Habari tunazowaficha

Sasa tufike kwenye mambo mawili tuliyoyaahidi. La kwanza ni kufichana maradhi na misiba.

Katika nyumba zetu, mgonjwa akilazwa, neno la kwanza husemwa: "Mwana wa ng'ambo asiambiwe, ana mitihani." Na mzee akifariki, maiti huoshwa, husaliwa na kuzikwa siku ile ile, aghalabu baada ya Adhuhuri au Alasiri, na hakuna ndege itakayomfikisha mwana kwa wakati. Basi watu husema, "Atafaidika nini kwa kuambiwa? Tumngoje amalize." Nia ni njema. Lakini ukoo ni mkubwa na simu ni nyingi. Kijana mmoja wa mitaa yetu alijua kwamba bibi yake mlezi amefariki baada ya siku kumi na moja, alipoona picha ya khitma aliyoipachika binamu katika simu yake. Katika siku hizo kumi na moja alikuwa amezungumza na nyumbani mara nne, na kila mara aliambiwa bibi amelala. Tangu hapo, kila apigapo simu huomba azisikie sauti za wote, mmoja mmoja, hadi mdogo wa mwisho.

Haki ya aliye mbali si kuwahi maziko tu. Ana haki ya kujua. Ana haki ya kumwombea maiti wake siku ile ile, na madhehebu yetu ya Shafi inamruhusu kumsalia aliye mbali. Ana haki ya kupewa pole, na ya kulia wakati wengine wanalia, badala ya kulia peke yake watu walipokwisha kunyamaza. Na vyuo vingi vina utaratibu wa kumwahirishia mtihani aliyefiwa, iwapo atasema. Asiyeambiwa hawezi kusema.

Twapendekeza hivi. Kila familia ichague, mwana angali hapa, mtu mmoja atakayemwambia habari nzito: ami, khalati au dada mkubwa mwenye moyo uliotulia. Mtu huyo awe na nambari ya rafiki mmoja wa karibu wa mwana huko aliko. Habari ikitokea, aanze kwa rafiki, amwombe aende chumbani kwake, kisha apige simu mwana akiwa na mtu ubavuni. Na wengine wote wasipachike picha wala tangazo mpaka wapate ruhusa ya mtu huyo. Mashauri hayo hayagharimu kitu, ila yahitaji kupatanwa mapema.

Jambo la pili ni mwenziwe wa hilo la kwanza: tukimfunza mwana kwamba nyumbani habari mbaya hufichwa, naye atatuficha za kwake. Akianguka somo, atasema matokeo hayajatoka. Akiumwa, atasema ni mafua. Huko Uingereza kila mwanafunzi wa kigeni hulipia huduma ya afya pamoja na viza, pauni 776 kwa mwaka tangu Februari 2024, lakini wako wasiojiandikisha kwa daktari mpaka maradhi yamewalaza. Mficha maradhi, walisema wazee, kifo humuumbua. Msemo huo twaujua sote, na twautumia kwa jirani kabla ya kuutumia nyumbani.

Funzo la Khartoum

Tarehe 15 Aprili 2023, katika kumi la mwisho la Ramadhani, vita vilizuka Khartoum. Mji huo ulikuwa na wanafunzi wengi wa Afrika Mashariki, hasa katika Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Afrika, na miongoni mwao walikuwamo vijana wa pwani yetu. Uwanja wa ndege ulifungwa siku ile ile. Umeme na maji vilikatika mitaani, na simu zikawa za kubahatisha. Wanafunzi waliondoka kwa mabasi kuelekea mipakani: wengine Ethiopia, wengine Sudan Kusini, wengine Port Sudan ili wavuke bahari hadi Jeddah. Nyumba ngapi zilisali tarawehe usiku ule simu ikiwa kando ya mswala!

Katika siku kama hizo, maneno "yuko Khartoum, anasoma" hayatoshi. Huhitajika jina la mtaa, nambari ya mwenzake wa chumbani, nakala ya pasipoti, na kujua kama alijiandikisha ubalozini. Wapo waliokuwa nayo yote hayo katika daftari, na wapo waliokuwa wakiitafuta pasipoti katika picha za simu iliyokwisha kuharibika. Wengi walirudi salama, Alhamdulillahi, ila walirudi bila vyeti na bila kujua masomo yataendelea wapi. Aliyerudi hivyo asiitwe aliyeshindwa. Alitoka vitani, na anahitaji kukaa, kulishwa, kisha kushauriwa.

La kufanya juma hili

Tunawaomba wasomaji wetu watende machache. Kwanza, katika daftari la nyumba, si katika simu tu, paandikwe anwani ya mwana, nambari za rafiki zake wawili, nambari ya chuo na ya ubalozi wa Kenya, na nakala ya pasipoti ikunjwe humo. Pili, ijulikane saa ya huko aliko. Kuala Lumpur iko mbele yetu kwa saa tano, India kwa saa mbili na nusu. Istanbul ni sawa nasi. Uingereza iko nyuma yetu kwa saa tatu wakati wa baridi na mbili wakati wa joto. Mama apigaye simu saa tatu usiku humwamsha mwanawe aliye Malaysia saa nane za usiku, kisha akashangaa mbona anasema kwa mkato. Tatu, anayepanga kumpeleka mwana aulize kwanza katika Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ya Kenya kama cheti cha chuo hicho kitatambuliwa, kabla ya kulipa ada, si baada ya kuhitimu.

Na la nne ndilo kubwa. Juma hili mwana akipiga simu, maamkizi yaende kama kawaida, shikamuu na marahaba, sijambo na njema. Kisha aulizwe yenye majibu: Jana usiku ulikula nini, na nani alipika? Ijumaa iliyopita ulisali wapi? Kodi ya mwezi huu umelipa? Umejiandikisha kwa daktari? Ukiumwa usiku, utamgongea nani? Somo gani linakushinda? Baada ya kila swali, tunyamaze kidogo. Tusikimbilie nasaha wala kulaumu, maana mwana akilaumiwa kwa jibu la kweli, juma lijalo atarudi kwenye "sijambo". Naye akiuliza ya nyumbani, ajibiwe kweli: baba presha imepanda, duka limekuwa zito, bibi anamtaja kila baada ya sala. Atatishika kidogo, lakini atajua kwamba yungali mmoja wa nyumba.

Twamwomba Mola awahifadhi wana wetu wote walioko ugenini, wa kiume na wa kike, awape elimu yenye manufaa na rizki ya halali, awape wenzi wema katika upweke wao, awarahisishie wake na waume waliobaki wakiwalea watoto, na awarudishe kwetu wakiwa salama wa miili, wa imani na wa nyoyo. Na wale ambao hatima yao ilikuwa kufia ugenini, awarehemu na awape subira wazazi wao.